Wawili Ukingoni: Siku Nne Juu ya Mlima Meru

Muulize mkazi yeyote wa Arusha kama amewahi kupanda Mlima Meru. Wengi watacheka. "Huo? Si upo tu hapo nyuma ya nyumba!" Upo tu, kweli. Unauona ukitoka kazini, unauona ukiwa kwenye daladala, unauona hata ukiwa umekaa zako Njiro na soda baridi mkononi. Na kwa kuwa upo tu, tumewaachia wageni waupande, sisi tunaupigia picha siku mawingu yakifunguka, basi.

Mwezi huu tunasema imetosha. Kama wewe na mwenzi wako mmeshamaliza fukwe za Unguja, mmeshakula kila nyama choma ya mjini, na siku hizi mkitoka pamoja kila mtu anaishia kuinamia simu yake, safari hii ni yenu. Lakini tuelewane mapema: hii siyo safari ya kupumzika. Ni siku nne za jasho, baridi na vumbi, na ndani yake kuna usiku mmoja ambao utakuonyesha unaishi na mtu wa namna gani. Na yeye ataonyeshwa wewe ni nani!

Mlima wenye sura mbili

Ukiwa mjini, Meru unaonekana mlima kamili, umechongoka vizuri kama paa la msonge. Zunguka upande wa mashariki ndipo utajua ukweli: nusu ya mlima haipo. Wataalamu wanakadiria kwamba miaka kama 8,000 iliyopita ubavu wote wa mashariki uliporomoka, ukamwaga mawe na tope mpaka mbali kwenye tambarare. Vilima vidogo vidogo na maziwa ya Momella, yale yenye flamingo, ni matokeo ya poromoko hilo.

Kilichobaki ni ukuta mkubwa wa mwamba uliopinda nusu duara, wenye kimo cha takriban mita 1,500 kutoka sakafu ya kreta mpaka juu. Katikati ya kreta volkano ikajenga kilima kipya cha majivu, cheusi, chenye umbo la pia, kama mtoto aliyekaa mapajani mwa mama yake. Mara ya mwisho mlima ulipotoa majivu ilikuwa 1910, kwa hiyo umelala tu, haujafa.

Njia ya kwenda kileleni inapita juu ya ukingo wa ukuta huo. Hapo ndipo utamu wa Meru ulipo. Kilimanjaro una mita 5,895 na jina kubwa duniani, Meru una mita 4,566 na ni wa pili kwa urefu nchini. Lakini kwa mandhari, wapandaji wengi waliofika kote kuwili watakuambia Meru hauna mpinzani. Kwa nini? Kwa sababu Meru unatembea ukingoni kwa saa nyingi, kushoto shimo, kulia dunia nzima.

Mlima uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hifadhi hiyo ilianza 1960 ikiwa na jina la kreta ya Ngurdoto, na 1967 Mlima Meru ukaingizwa ndani yake.

Siku ya kwanza: kutembea nyuma ya afande

Unaacha barabara kuu ya Arusha na Moshi pale Usa River, unapanda mpaka geti la Ngongongare, unapita mbuga ya wazi wanayoiita Serengeti Ndogo, na hatimaye unafika geti la Momella, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Wapenzi wa sinema za zamani watafurahi kujua kwamba maeneo haya ndiko ilikopigwa filamu ya *Hatari!* ya John Wayne, iliyotoka 1962.

Momella ndipo mnapokutana na mtu muhimu kuliko wote katika msafara: askari wa hifadhi, mwenye bunduki. Siyo mapambo. Saa ya kwanza tu unapita katikati ya nyati wanaochunga kama ng'ombe wa jirani, twiga wanakutazama kwa madharau, ngiri wanakimbia mkia juu. Nyati wa Meru hajui kama mko fungate. Kwa hiyo afande anatangulia, kundi linafuata, na hakuna ruhusa ya kumpita.

Kuna njia mbili za kufika kibanda cha Miriakamba, mita 2,514. Ile fupi ni kali, saa tatu hivi na umefika. Ile ndefu inafuata barabara ya zamani ya msituni na kupita chini ya mkuyu mkubwa uliotoboka katikati kama lango. Chukueni ndefu siku ya kupanda, fupi mwachieni siku ya kushuka. Njia ndefu ina kivuli, ina mbega wanaoruka na mikia yao myeupe, ina mitarakwa mirefu, na ina muda wa kuongea.

Hapa msituni ndipo utaanza kuwajua wapenzi kwa mwendo wao. Kuna wale ambao mwanaume yuko hatua hamsini mbele, kila dakika tano anageuka kuuliza, "Vipi, uko sawa?" kwa sauti ya mtu anayesubiri basi lililochelewa. Kuna wale ambao mwanamke ndiye mwepesi, na jamaa huko nyuma anasema kwa mara ya nne kwamba kamba za viatu zimefunguka. Na kuna wale wachache ambao wanatembea mwendo mmoja bila kuambizana. Hao waangalieni vizuri. Siyo kwamba wana nguvu sawa. Ni kwamba mwenye nguvu ameamua kutembea mwendo wa mwenzake na hajifanyi anatoa msaada.

Waongoza njia wanalijua hili miaka yote. Wao humweka mbele, nyuma tu ya afande, yule anayetembea taratibu kuliko wote. Mwenye mbio anakaa nyuma. Mpangilio huo unashangaza mwanzoni, lakini kundi zima linafika pamoja na hakuna aliyenuna. Jaribuni na nyumbani.

Siku ya pili: Mgongo wa Tembo

Asubuhi ya pili ni ngazi. Ngazi za mbao na udongo, ngazi juu ya ngazi, ndani ya msitu wenye miti iliyofunikwa nyuzi za kijani zinazoning'inia kama ndevu. Baada ya saa mbili hivi unatokea sehemu ya wazi inayoitwa Mgongo wa Tembo. Wanasema tembo hupanda mpaka huku, na ukikuta kinyesi chao njiani utaamini.

Mkae hapa. Msipige picha mbili na kuondoka. Chini yenu kreta yote iko wazi, na kile kilima cha majivu kimekaa katikati. Upande wa pili, mkitazama kuelekea kaskazini mashariki, mnaona nyanda kavu za Ngare Nanyuki. Zinaonekana tupu, lakini zina historia ambayo kila Mtanzania anayependa hewa safi ya Meru angefaa kuijua. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka ardhi yao huko ili kuwapisha walowezi. Wameru hawakukaa kimya. Walichanga fedha, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet mpaka New York, na 1952 akasimama Umoja wa Mataifa kueleza kesi ya watu wake. Ardhi haikurudishwa siku ile, lakini kesi hiyo iliwaamsha wengi Tanganyika. Leo mnaitazama ardhi hiyo mkiwa mmekaa juu ya jiwe, mnagawana biskuti. Inafaa kuitazama mara mbili.

Kutoka hapo miti inafupika. Msitu unageuka vichaka, vichaka vinageuka majani makavu, na upepo unaanza kuwa na meno. Mchana mnafika kibanda cha Saddle, mita 3,570, kilicho kwenye bonde kati ya Meru na ndugu yake mdogo, Little Meru.

Mtataka kulala. Msilale kwanza. Kunyweni chai, pumzikeni saa moja, halafu jioni pandeni Little Meru, mita 3,820. Ni mwendo wa saa moja tu, na faida zake ni mbili. Kwanza, mwili unaonjeshwa mwinuko wa juu kabla haujalala chini, jambo linalousaidia kuzoea. Pili, machweo ya pale juu ni ya kimya, hakuna mziki, hakuna mhudumu wa kuuliza mtaongeza nini. Kama kuna jambo mlikuwa mnataka kuongea tangu Januari, ongeeni hapo.

Usiku wa ukingo

Mnaamshwa katikati ya usiku. Chai, biskuti, tochi za kichwani, na saa saba mnaanza kutembea. Kutoka Saddle mpaka kileleni ni karibu mita 1,000 za kwenda juu, mwendo wa saa tano hivi, kwa wengine zaidi.

Saa ya kwanza inakufikisha Rhino Point. Baada ya hapo njia inashuka kidogo, inakatiza miamba ya kushika kwa mikono, halafu inashika ukingo wenyewe. Usiku huoni kitu, na pengine ni afadhali. Unaona viatu vya aliye mbele yako na vumbi la majivu. Lakini unasikia. Upepo ukitokea kushoto una sauti tofauti, sauti ya sehemu isiyo na chini. Hapo ndipo utakapogundua kwamba kushikana mikono siyo mapenzi tu. Ingawa nikwambie ukweli, sehemu nyingine waongoza njia watawaambia mwachiane, kila mtu apite na miguu yake, kwa sababu akiteleza mmoja asimvute mwenzake.

Sisi tulifika Cobra Point, zaidi ya mita 4,300, saa kumi na nusu alfajiri. Mume wangu alikuwa ameacha kuongea tangu saa tisa. Nilidhani ni baridi. Aliposimama akatapika mara mbili, na alipojaribu kufunga zipu ya koti vidole havikumtii. Mwongoza njia akammulika usoni, akamuuliza maswali mawili matatu ya kawaida: jina la kibanda tulicholala, leo ni siku gani. Alijibu, ila polepole mno.

"Kaka, wewe unashuka," mwongoza njia akasema. Hakuomba ushauri. Halafu akanigeukia mimi. "Dada, wewe uko vizuri. Msaidizi wangu anaweza kumshusha, wewe tukaendelea. Wewe ndiye wa kuamua."

Wengi hawajui jambo hili: mlimani mnaruhusiwa kuachana. Kundi likiwa na mwongoza njia na msaidizi, mmoja anashushwa na mwingine anaendelea. Hakuna sheria ya hifadhi itakayowafunga wawili pamoja. Mnajifunga wenyewe au mnajifungua wenyewe, na hayo yanatokea saa kumi usiku kwenye baridi ya kugandisha maji ya chupa, wakati hakuna hata mmoja mwenye akili iliyotulia.

Sisi tulikuwa tumeshakubaliana sebuleni, wiki mbili kabla: akizidiwa mmoja, tunashuka wote. Kwa hiyo sikuamua kitu. Niligeuka. Lakini sitakudanganya kwamba nilishuka nikitabasamu. Nilishuka na hasira. Nilikuwa nimefanya mazoezi miezi mitatu, kilele kilikuwa pale, na miguu yangu ilikuwa mizima. Nusu saa nzima sikumsemesha zaidi ya "angalia jiwe."

Kulikucha tukiwa tunarudi Rhino Point. Kwanza mstari mwekundu, halafu Kilimanjaro ikatokea peke yake juu ya bahari ya mawingu, nyeusi, kisha zambarau, kisha jua likachomoza ubavuni mwake. Mwanga ukaingia kwenye kreta kutoka juu kwenda chini, ukauvika ukuta wote rangi ya shaba. Na nikaona, kwa mara ya kwanza, ule ukingo tuliotembea gizani: mwembamba, umepinda, upande mmoja mteremko wa majivu na upande mwingine hakuna kitu. Tulikuwa tumepita pale, wawili, kwenda na kurudi.

Kichwa chake kilikuwa kimeanza kumwachia. Tulikaa kwenye jiwe. "Ungeenda," akasema. "Ningeenda," nikamjibu. Ndiyo tukacheka, na hasira ikaisha. Kilele kile kimeandikwa Socialist Peak, yaani Kilele cha Ujamaa. Mimi sijakiona mpaka leo.

Nani anaamua kurudi?

Sisemi kila mtu afanye kama sisi. Usiku ule ule kulikuwa na wachumba kutoka Dar es Salaam. Yule dada alichoka mapema, hakuwa mgonjwa, amechoka tu, akamwambia mwenzake, "Nenda, uniletee picha." Akashuka na msaidizi, akalala. Mchana jamaa alirudi na picha, na dada alimpokea na chai kama shujaa. Hakuna aliyenuna, kwa sababu na wao walikuwa wamekubaliana hivyo kabla.

Kinachoharibu ni kutokubaliana. Mmoja anabaki anasubiri aambiwe "tushuke wote," mwingine anasubiri aambiwe "nenda tu." Wote wananyamaza, na kimya hicho kinarudi nao mpaka nyumbani. Kwa hiyo kabla hamjalipia safari, kaeni mjibu maswali matatu:

1. Mmoja akichoka tu, mwingine anaendelea au anarudi?

2. Mmoja akiugua, je? Hapa ushauri wetu ni mmoja: mgonjwa anashuka, bila mjadala, na asishuke peke yake.

3. Neno la mwisho ni la nani? Jibu sahihi ni la mwongoza njia. Kubalianeni kulikubali hata kama inauma.

Na mjue hili: ugonjwa wa mwinuko hauchagui. Haujali kama unakwenda gym kila siku au unacheza mpira kila Jumapili. Kichwa kuuma na kukosa hamu ya kula ni dalili za mwanzo; pumzika, usipande zaidi mpaka ziishe. Lakini mtu akianza kupepesuka kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa amekaa, dawa ya kwanza ni kushuka, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kujikaza kiume hapa kunaua.

Kabla hamjaondoka

*Lini?* Juni mpaka Oktoba, au Desemba mpaka Februari. Aprili na Mei ni masika. Njia ni tope na kileleni hamtaona kitu.

*Siku ngapi?* Wapo wanaomaliza kwa tatu. Chukueni nne. Siku ya ziada ni ya mapafu yenu na ya magoti.

*Gharama?* Viingilio vya raia wa Afrika Mashariki ni vidogo sana ukilinganisha na vya wageni wa nje. Ulizieni bei za sasa na namna ya kulipa kabla ya safari, na mbebe vitambulisho.

*Mbebe nini?* Buti zilizokwisha kuvaliwa, siyo mpya za dukani. Tochi ya kichwani kila mtu na yake, na betri za akiba. Koti la mvua, kofia ya sufu, glavu, nguo za ndani za joto, begi zuri la kulalia. Maji lita tatu kila mmoja kwa siku, na usiku wa kileleni chupa ikae ndani ya koti isigande.

*Wapagazi.* Ndio wanaobeba chakula na mizigo yenu mgongoni. Wajueni kwa majina, na tengeni bakshishi tangu nyumbani, siyo chenji iliyobaki.

*Simu.* Mtandao unapatikana sehemu chache. Zizimeni, mtumie betri kwa picha.

*Kazini.* Ombeni ruhusa ya siku moja zaidi baada ya kushuka. Mlima mtakuwa mmeumaliza, lakini ngazi za ofisini zitawashinda.